Usimzike Baba Yako Honduras

Shamimu mwanangu,

Habari za sweta, dawa ya malaria na mahali pa kuficha pasipoti utazipata kwa shangazi zako. Wamekuja wanne kuzisema, na kila mmoja anaamini ndiye wa kwanza. Mimi nina jambo moja tu. Nimeliandika kwa sababu tukilizungumza wewe utalia, mimi nitapandisha sauti, na baba yako atatupatanisha kabla sijafika mwisho. Karatasi haipatanishwi. Isome ukiwa ndani ya ndege, mahali ambapo huwezi kutoka ukafunga mlango.

Picha ya mfuko wa kahawa umeikuta nyumbani tangu unajifunza kusoma. Jinsi ilivyopigwa sijakueleza vizuri, na nadhani hilo ndilo lililotufikisha hapa.

Nilikuwa nachambua kahawa kwenye kituo cha Patrisi, kando ya ziwa, kabla ya kufika Rubona. Mezani pale kuna desturi: ukifika asubuhi unavua pete, saa na bangili, kwa sababu chuma kikianguka ndani ya buni kinavunja mashine ya kukobolea. Pete tulizifunga kwenye ncha ya kitenge, mafundo mawili, tukazikalia. Wanawake arobaini, mikono themanini, wala pete moja. Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza kwa nini.

Siku hiyo mnunuzi kutoka Ulaya alikuja na mpiga picha. Alianza na Mukamana, jirani yangu wa mezani. Mukamana ni mjane kweli, na ya kwake si ya kuandikwa kwenye barua yangu. Lakini siku ile alikuwa anatusimulia jinsi padri alivyoteleza kwenye tope na kanzu yake nyeupe, na alikuwa anacheka mpaka buni zinamtoka mkononi. Tena alikuwa na viatu vizuri. Patrisi akamwambia, "Mama, vua viatu kidogo, ni kwa ajili ya picha."

Mukamana hakuinua hata macho. "Patrisi, mi nikitembea pekupeku hapa Rubavu, mukubwa wa mudugudu atanipiga faini. Wewe utalipa?"

Tukacheka meza nzima. Mpiga picha akasogea mbele. Hakuwa na haja na mjane anayecheka.

Akafika kwangu. Mimi sikuwa nacheka, kwa sababu jino lilikuwa linaniuma tangu usiku. Patrisi akasema viatu, nikavua. Niliona ni adabu, mgeni ameomba. Akapiga miguu yangu, akapiga kidole changu chenye alama ya pete iliyovuliwa, akapiga uso wa mtu mwenye jino bovu. Huko walikokwenda jino likawa huzuni, na kidole kitupu kikawa ujane.

Shangazi yako wa Brussels ndiye aliyetutumia mfuko, msimu uliofuata. Robo kilo ya kahawa, kwa mshahara wangu wa siku kumi na mbili. Mbele uso wangu. Nyuma wameandika kwamba Zaina alipoteza mume, akabaki na watoto na kahawa, na kila kikombe kinafuta chozi. Hawakutaja mwaka. Kwa mtu wa mbali Rwanda ina mwaka mmoja tu, mengine yote anajaza mwenyewe.

Mtaani ikawa sikukuu. Unakumbuka walivyokuwa wanapita dukani kwa baba yako? "We Marehemu! Pantalo yangu iko tayari?" Na yeye, mguu kwenye cherehani, pini mdomoni: "Iko tayari. Sisi wenye tulikufa hatuna mambo mingi." Ulikuwa unacheka kuliko wote. Ulikuwa mdogo. Hukumwona akifunga duka mapema siku ya Ijumaa, kwa sababu mtu mmoja msikitini alimuuliza, mbele ya watu, mke wake amemuuza kwa bei gani.

Nilikwenda kwa Patrisi na mfuko mkononi. "Mume wangu yuko hai," nikamwambia. "Jana amekula ugali, leo amekula ugali."

"Mama Shamimu, najua. Suruali hii niliyovaa ameishona yeye." Hakuona haya hata kidogo. "Lakini sikiliza. Fundi cherehani mzima hauzi kahawa. Aliyekufa anauza. Sasa wewe umepoteza nini?"

Ningeondoka siku ile, barua hii ingekuwa fupi. Sikuondoka. Wageni walipoanza kuja wakiuliza yuko wapi yule mama wa kwenye mfuko, Patrisi alipiga makofi, nami nikasimama. Walinipa noti, nikapokea. Misimu miwili, Shamimu. Ada yako ya darasa la pili na la tatu ilitoka kwenye kifo cha baba yako, naye alijua, akanyamaza kwa sababu duka lilikuwa baya miaka ile. Niliacha siku mama mmoja wa Kizungu aliponikumbatia akalia kwa kwikwi. Nikajikuta nampapasa mgongo, namfariji msiba wa mume wangu, na mume wangu yuko nyumbani anapika chapati. Nikafungua fundo la kitenge, nikavaa pete yangu, nikatoka kwa lango kubwa. Patrisi akaniita mara mbili. Mara ya tatu hakuita, akapiga makofi, na mwanamke mwingine akasimama.

Yaliyofuata unayajua, ulisaga kahawa kwa mikono yako. Nilianza kukaanga kahawa kwa kikaango cha chapati, nikiwauzia wanawake wanaovuka bariyeri ndogo ya mpakani alfajiri kwenda Goma. Leo nina mashine, nina wafanyakazi wanne, na nimemnyang'anya Patrisi hoteli tatu za ufukweni alizokuwa akiziuzia kahawa. Sikumnyang'anya kwa bahati. Nilijua siku gani analeta kahawa iliyolala, nikawa naleta iliyokaangwa jana. Watu wanasema kisasi hakijengi nyumba. Waje waone bati langu. Hoteli ya nne nitaichukua wewe ukiwa mwaka wa pili.

Sasa nchi unayokwenda kusomea kahawa.

Tangu habari zienee, sijapita sokoni bila kusimamishwa. "Yebaba we, Zaina, unamutuma mutoto kwenye magenge? Kule wanachinja watu ndani ya basi!" Nani anasema? Mama Kadogo, ambaye hajavuka Ruhengeri. Ameona kwenye simu. Nikamuuliza Honduras iko upande gani wa dunia, akanionyesha Goma.

Baba yako alilijua jina hilo kabla yetu wote. Lilikuwa limeshonwa kwenye kola za fulana za caguwa, mitumba ile iliyokuwa imejaa sokoni kabla ushuru haujapanda. Aliichukia caguwa, ilikuwa inamla, lakini alikuwa anageuza fulana ndani nje na kuangalia mshono. "Hawa watu wa Honduras," alikuwa anasema, "uzi wao haudanganyi." Mtaa mzima unaona bunduki, yeye anaona mshono. Nakuomba uende na macho ya baba yako.

Usisahau siku nilipokutana na Lidia. Walileta mafunzo ya wakaanga kahawa kwenye hoteli moja hapa ufukweni, na mwalimu wa kuonja alikuwa mama wa Honduras, mfupi, mwenye miwani kwenye kamba. Kifaransa chake kilikuwa kibovu kama changu, ndiyo maana tulielewana. Wakati wa chai nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, "Kwenu mtu anaweza kupanda basi akafika?"

Akaweka kijiko chini. "Na kwenu, mmeshamaliza kuuana?"

Mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamtazama, akanitazama. Halafu nikaona kwamba amenirudishia kile kile nilichompa, gramu kwa gramu. Nikacheka, naye akacheka, na tangu hapo hatukuachana siku tatu.

Hakunidanganya kwamba magenge ni hadithi. Kaka yake ana basi San Pedro Sula, na kila wiki anawalipa vijana ili asichomwe. Wao wanaiita kodi ya vita. Lakini akaniambia hivi: kijijini kwao, milimani, hakuna genge, na bado kijiji kimebaki na wazee. Nani amewafukuza vijana? Kutu iliingia kwenye majani ya mikahawa, miti ikabaki vijiti. Walipopanda upya kwa mkopo, bei ikashuka, na bei hiyo inapangwa New York na mtu asiyejua mti wa kahawa ukoje. Deni la benki halishuki. Basi vijana wakatembea kwa miguu kuelekea kaskazini. Televisheni ikawapiga picha barabarani, ikasema hawa wanakimbia bunduki. "Wengine wanakimbia bunduki, kweli," Lidia akasema. "Wengi wa kwetu walikimbia hesabu." Na sasa nchi yao inakula zaidi pesa wanazotuma vijana hao kuliko pesa ya kahawa. Hilo halimo kwenye mfuko wowote.

Nikamuuliza kuhusu lile jina, jamhuri ya ndizi, nililisikia redioni. Akakasirika tena, safari hii si kwangu. "Aliyetuita hivyo alikuwa mgeni. Ardhi nzuri ya pwani ilikuwa ya kampuni za wageni, reli ni yao, bandari ni yao, na rais asiyewapendeza hakukaa. Wakishamaliza kula wakasema, tazama, nchi hii imeoza kama ndizi." Akanionyesha mkono wake mtupu, kama mtu anayeonyesha sahani iliyolambwa na mwingine.

Nilimwonyesha mfuko wangu. Akaupokea, akasoma nyuma, akatoa simu yake, akanionyesha mfuko wa Honduras wa wanunuzi wale wale. Mbele kuna mzee mwenye kofia ya majani, hana jino hata moja. "Huyu ni mjomba wangu Chepe," akasema. "Ana meno kamili, ya bandia, aliyanunua kwa pesa yake. Walimwomba ayatoe."

Shamimu, nilicheka mpaka mwenye hoteli akaja kuuliza. Halafu, nyumbani, nilikaa nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Nilikuwa nafikiri Patrisi amenionea mimi. Hapana. Ni biashara, na ina matawi. Huku wanavua viatu, kule wanatoa meno. Huku wanatuuza na maiti, kule wanawauza na bunduki na umaskini. Na wakichoka na maiti wetu wanatuuza na barabara safi na mifuko ya plastiki iliyokatazwa, kama vile sisi hatuna kodi, hatuna bei ya viazi, hatuna mpaka unaofungwa asubuhi ukatukuta na nyanya kichwani. Utakutana na watu kule Honduras watakaokuuliza habari ya mafuvu. Usikasirike siku ya kwanza. Wewe mwenyewe, mwezi uliopita, umemuuliza baba yako kama kuna kufuli nzuri ya kufunga sanduku kwa ajili ya "watu wa kule."

Nimezunguka vya kutosha. Sasa niseme.

Siku ya mahojiano nilikuwa mlangoni na chupa ya chai. Wanunuzi wale ndio wanaolipia masomo yako, hilo tulilijua tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyekuambia omba. Niliona ni haki: wamekula uso wangu miaka yote, acha walipe chuo. Kisasi cha namna hiyo nakipenda, kinatoa risiti. Kwa hiyo sikulaumu kwa kuomba.

Mzee mmoja wa wanunuzi, kwenye kompyuta, akakuuliza kwa Kifaransa, "Na baba yako?" Ukauinua mfuko mbele ya kamera, ukasema, "Mama yangu ndiye huyu. Alibaki peke yake na kahawa." Hukutamka kwamba amekufa. Hukutaja mashine yangu wala wafanyakazi wanne. Uliacha mfuko useme, kama nilivyokuwa naacha mimi. Ulijifunza kwangu, siwezi kukana.

Lakini wewe ulikuwa umeangalia kamera, hukuangalia pazia linalotenga duka la baba yako. Mimi nilikuwa naliona. Upande wa pili baba yako alikuwa anashona sare za shule, na ulipoinua mfuko ule, cherehani ilinyamaza katikati ya mshono. Alielewa. Aliuinua mguu wake kutoka kwenye pedali, akaushikilia hewani, ili wageni wako wasisikie maiti akifanya kazi. Alikaa hivyo mpaka ulipowaaga. Ana goti bovu, Shamimu. Ulipoingia ukipiga vigelegele kwamba umepita, alikuambia, "Mungu mukubwa, sha," akakukumbatia, halafu akakaa chini polepole.

Usiku nilitaka kukuamsha. Akanizuia. "Acha, Zaina. Mutu anakufaka mara moja. Mi nimekufa mara mbili na niko nakula vizuri. Nitaishi sana."

Yeye anaweza kuacha. Ndiyo tofauti yetu, na ndiyo sababu duka lake ni dogo. Mimi siachi.

Wamekuandikia kwamba wiki ya kwanza, chuoni, kutakuwa na karamu ya kuwakaribisha mnaofadhiliwa. Watakuja wanunuzi wenyewe, na watu wa kahawa wa pale. Umetuonyesha barua kwa furaha: utasimama karibu na mfuko mkubwa uliochorwa kwenye kitambaa, utaeleza habari za mama yako. Utakuwa unaongea mbele ya watu ambao nusu yao wana mjomba aliyetolewa meno. Hao watajua. Watapiga makofi kwa adabu, na watajua.

Nataka useme hivi, kwa sauti, kwa lugha yoyote watakayokupa: Mama yangu hakuwa mjane siku ile, jino lilikuwa linamuuma. Pete aliivua kwa sababu ya mashine. Leo anauza kahawa yake mwenyewe. Baba yangu anaitwa Saidi, ni fundi cherehani Gisenyi, anakoroma, na ndiye aliyeshona koti hili nililovaa. Basi. Usiwatukane. Usilie, wakiona machozi watapiga picha.

Najua unachofikiria sasa, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kufikiria hivyo: wakininyang'anya nafasi? Nimepiga hesabu. Ile pesa ya mashine kubwa ya kukaangia sijaipeleka kwa muuzaji wa Kampala. Inatosha ada na chakula chako cha mwaka wa kwanza, na mwaka wa kwanza unatosha Lidia kukutafutia kazi ya kuonja, ameshanikubalia. Miaka inayofuata nitaikaanga kwa mashine ndogo, usiku na mchana. Sikupi ujasiri, Shamimu, ujasiri sina wa kugawa. Nakupa ada. Mtu mwenye ada anaweza kusema ukweli kwa raha zaidi.

Baba yako aliniona naandika, akajua. Akasema, "Mutoto anaenda kusoma, haendi kupigana vita yako." Nikamwambia vita yangu ndiyo imemlisha. Akasema, "Bon, imemulisha. Sasa ameshiba, mwache." Labda ana haki. Labda nakutumia kama kisu, na mama hapaswi kumnoa mtoto wake. Nimekaa na neno hilo tangu adhuhuri, na bado kalamu iko mkononi. Kwa hiyo lichukue pia neno lake, liweke kando ya langu, uyapime. Yeye ndiye anayezikwa. Ana haki ya kusamehe. Mimi ndiye niliyeshikishwa jembe, na nimechoka kuchimba.

Jambo la mwisho nimelifanya leo bila kumwambia mtu. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kituoni kwa Patrisi. Amenenepa. Nilimkuta barazani, nikamwambia unasafiri kesho, na nikamwambia utasema nini kwenye karamu, neno kwa neno.

Alicheka. "Shamimu? Yule ana akili. Hawezi kukata tawi alilokalia."

"Tawi ni langu," nikamwambia. "Wewe ndiwe uliyelikalia."

Hakucheka tena. Alimwita msichana wa kazi alete soda, na soda ilipokuja hakuinywa. Nimemwacha anaishika tu, anapiga hesabu zake. Msimu mzima wa kahawa yake unasubiri wanunuzi wale wale watakaokuwa wamekaa mbele yako.

Sitakuuliza ulisema nini. Sitakupigia simu siku hiyo, wala sitamwambia baba yako tarehe. Nenda kasome, ujue udongo na kutu na bei, uwajue watu wa Lidia kwa majina yao na si kwa magenge yao. Ukikaa kimya karamuni, nitaendelea kukuita mwanangu, na ada itabaki ni yako. Na ukisema, usihangaike kutuma ujumbe. Patrisi atanipigia kabla yako.

Ni mimi mama yako,
Zaina, mke wa Saidi.